Dawa ya kwelea imetua uani kwangu: mwanangu yuko salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Bagamoyo, pembeni ya mashamba ya mpunga. Kutoka jaruba la mwisho hadi nyumbani kwetu ni kama hatua 200. Wiki mbili zilizopita, jua likizama, ndege ndogo ilipita mara nne ikimwaga dawa kwenye matete ambako kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, hulala. Hatukuwa tumeambiwa chochote. Harufu kama ya kitunguu saumu kilichochanganywa na mafuta ya taa ikatufikia hadi uani. Nilikuwa nimeanika nepi, pipa la maji lilikuwa wazi, na mwanangu wa miezi 7 alikuwa mkekani nje. Usiku ule alikohoa sana, macho yakawa mekundu, akatapika mara moja. Asubuhi watoto wa jirani waliokota kwelea waliokufa, ndoo nzima, wakawachoma wakala. Mwenyekiti wa kitongoji anasema dawa ya ndege haimdhuru binadamu. Mume wangu naye anasema tukipiga kelele, kwelea watatumalizia mpunga. Naomba ukweli. Mtoto amedhurika? Niendelee kumnyonyesha? Maji na mboga je? Na wakija tena nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja, nami nitayajibu yote, ingawa si kwa mpangilio uliouliza.

Nianze na mtoto, maana mama hasikii jingine kabla ya hilo. Kama leo ananyonya kwa nguvu, anacheza, anapumua bila kukoroma na mbavu hazibonyei anapovuta hewa, basi hatari ya jioni ile imempita. Dawa zinazotumika kuua kwelea zikimpata mtu kwa kiasi cha kumwangusha, dalili huanza ndani ya saa chache, mara nyingine baada ya siku kadhaa. Hazikai kimya hadi wiki ya tatu ndipo zijitokeze. Kikohozi, macho mekundu na kutapika mara moja ni mambo yanayompata mtoto aliyevuta ukungu wa dawa pamoja na mafuta yaliyoibeba, ingawa kikohozi cha usiku mmoja huletwa na mengi. Mpeleke zahanati hata kama amechangamka. Asikilizwe kifua, apimwe uzito, na umwombe mhudumu aandike kwenye kadi yake ya kliniki tarehe, saa, umbali wa nyumba na dalili ulizoziona. Kuna kipimo cha damu kinachoangalia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho ndicho sumu hizi hukishambulia. Kipimo hicho kina maana zaidi siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili mwili unakuwa umeanza kutengeneza kingine, na majibu hayasomeki vizuri kama hakuna kipimo cha kabla cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo usiuze kuku kwenda kukitafuta mjini.

Kunyonyesha, endelea. Sumu za kundi hili mwili huzivunja na kuzitoa, tofauti na DDT na ndugu zake wa zamani zinazojificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Kumwachisha ziwa mtoto wa miezi 7 ni kumnyima kinga aliyonayo dhidi ya kuharisha na kichomi, na hayo ndiyo yanayoua watoto wetu kila msimu wa mvua. Siku ukipatwa na ukungu wa dawa, kabla hujampa titi, oga kwa sabuni na ubadili kanga. Ngozi na nguo zako ndizo zenye sumu nyingi kuliko maziwa yako.

Sasa nije kwenye ndoo ile ya kwelea, ambayo katika barua yako yote ndiyo iliyonitisha zaidi, nawe umeipita haraka. Kwelea aliyekufa kwa dawa ana sumu kwenye manyoya, kwenye ngozi na ndani ya nyama. Kumchoma juu ya makaa hakumsafishi. Mtoto anayemnyonyoa kwa vidole kisha akala vipapatio vitano sita, amepata sumu kwa njia mbili, ya ngozi na ya tumbo, na huenda amepata nyingi kuliko mwanao aliyekuwa mkekani. Tena kwelea aliyepata dawa kidogo hafi pale pale. Huruka akaanguka shamba la pili, au chini ya mwembe kijiji cha jirani, siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo hata yule anayeokotwa mbali na matete, akiwa mzima mzima hana jeraha, asiguswe kwa mkono mtupu. Kuku na mbwa hawajui hilo, na paka ndio kabisa. Ndege hao wakusanywe kwa koleo au kwa mkono uliovikwa mfuko wa nailoni, wafukiwe shimo refu mbali na kisima. Nakuomba leo hii, kabla hujafanya lolote lingine, upite kwa jirani yako uulize watoto wake wanaendeleaje.

Mwenyekiti wenu nadhani hakukusudia kukudanganya. Maneno hayo huanzia kwa waliomletea dawa, naye akayapokea. Lakini si ya kweli. Dawa inayotumika zaidi kwa kwelea katika Afrika ni fenthioni, iliyo katika kundi la oganofosfeti. Shirika la Afya Duniani limeiweka daraja la pili la hatari, yaani hatari ya wastani kwa binadamu. Kazi yake ndani ya mwili ni moja, iwe kwa ndege, kwa samaki, kwa nyuki au kwa mtu: inakifunga kile kimeng'enya nilichokitaja, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Ujumbe usipozimwa, neva hupiga mfululizo. Mate yanachuruzika, machozi na jasho vinatoka, tumbo linakata, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inachezacheza chini ya ngozi, na mwisho kifua kinajaa majimaji na pumzi inagoma. Kilicho kweli katika maneno ya mwenyekiti ni kipimo tu. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Mtoto wa kilo 8 ni sawa na kwelea 400. Tone linalomuua ndege halimuui mtoto. Ila halimwachi hivi hivi, hasa likija kila msimu.

Hapa nina neno na sisi sote tunaosema Kiswahili. Tumezoea kuita kila kitu dawa: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya kwelea. Wataalamu wa kilimo wameleta neno viuatilifu, nalo linaandikwa kwenye sheria na kwenye lebo, lakini shambani halisikiki. Mtu akiambiwa ndege itakuja kupuliza dawa, anasogea atazame. Angeambiwa itakuja kumwaga sumu, angeingiza watoto ndani. Mimi nyumbani kwangu nimeacha kuziita dawa. Katika barua hii nimekufuata wewe kwa kuwa ndivyo ulivyouliza.

Lakini lipo jina lililo muhimu kuliko dawa au sumu, nalo ni jina la kwenye lebo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga. Aliletwa kijana anatapika, ana jasho kama aliyemwagiwa maji, anakohoa povu. Ilikuwa msimu wa malaria, tukamtundikia dripu, tukaanza kumtibu malaria. Waliomleta walisema tu alikuwa shambani. Ilipita saa nzima na nusu ndipo nilipomulika macho yake kwa tochi nikaona zile mboni. Nikamshika bega, nikasikia fulana yake imelowa kitu kinachoteleza, chenye harufu. Alikuwa amebeba bomba la mgongoni linalovuja tangu asubuhi, na muda wote ule tuliokuwa tunamtibu malaria, fulana ile ilikuwa bado inamlisha sumu. Tulimvua, tukamwosha kwa sabuni kichwa hadi miguu, tukampa atropini, dawa ya kukabili sumu za kundi hili, akapona. Kosa lile lilikuwa letu sisi wahudumu, na sijalisahau. Ila pia hakuna hata mmoja kati ya waliomleta aliyejua jina la kilichokuwa ndani ya bomba. Kama wangelijua, tungeokoa dakika 90.

Ndiyo maana ukiniuliza jambo la kwanza la kudai ni lipi, nitakwambia ni jina. Dawa za kundi la pairethroidi huwasha ngozi na kumwamsha mwenye pumu, na atropini si tiba yake. Salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga inachoma macho na kukereketa koo, lakini haigusi neva. Viluwiluwi vya mbu vinauawa kwa bakteria wanaotengenezwa hapo hapo Kibaha, mkoani kwenu, na hao hawamdhuru mtu kabisa. Vyote hivyo mtaani vinaitwa dawa, na ukungu wa mbali unafanana. Mhudumu wa zahanati hawezi kukisia.

Tuje kwenye zile hatua 200. Watu wengi hudhani dawa ikimwagwa juu ya matete inashuka kwenye matete. Ingekuwa mvua, ingeshuka. Lakini dawa ya kwelea humwagwa kwa mtindo ambao haichanganywi na maji: lita chache tu kwa hekta nzima, kali, ndani ya mafuta, ikikatwa matone madogo sana ili yaelee na kumgusa kila ndege. Udogo huo ndio unaoifanya ifike kwenu. Tone la mikroni 100, lililo nene kidogo kuliko unywele, likiachwa mita 3 juu ya ardhi huchukua sekunde 10 hivi kutua. La mikroni 20 huchukua dakika 4. Sasa weka upepo mwepesi wa mita 2 kwa sekunde, ule unaotikisa jani la mgomba bila kulichana. Tone la kwanza litasogea mita 20, na la pili litasogea karibu mita 500. Na ndege haipiti mita 3 juu ya ardhi. Kwa sababu ya matete na miti, iko mita 10 au zaidi. Kutoka hapo tone lile dogo hukaa hewani karibu robo saa na linaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Hatua zako 200 ni kama mita 150. Hesabu hiyo unaiona mwenyewe.

Kisha kuna saa yenyewe. Kwelea hufuatwa jioni kwa sababu ndipo wanapokusanyika kulala, na rubani hupenda hewa iliyotulia. Hewa kutulia inaonekana ni jambo jema, lakini pwani kwetu jua likizama ardhi hupoa haraka, hewa baridi ikakaa chini na ya joto ikaifunika juu kama kawa juu ya chakula. Utaijua kwa moshi wa jikoni. Siku za kawaida moshi unapanda na kutawanyika. Jioni ya namna hiyo unapanda kimo cha mnazi mchanga, unasimama, kisha unalala na kutambaa juu ya mapaa. Ukiuona moshi umelala hivyo, ujue ukungu wowote utakaomwagwa nao utalala na kutambaa vilevile, na utafika mbali bila kupungua makali. Alfajiri ni hivyo hivyo: umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukivuma kutoka bara, hubeba kila kilicho bondeni kuelekea nyumba za upande wa bahari. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anaweza kukueleza kusi na kaskazi vinapogeuka. Kama mashamba yako kusini mwa nyumba yako, miezi ya kusi ndiyo ya kukaa macho. Yakiwa kaskazini, ni ile ya Desemba hadi Machi.

Siku hizi kuna droni, na nimesikia watu wakisema sasa tumepona. Droni ina faida, kwa kuwa inapita chini, inafika kwenye malalo madogo na haihitaji kumwaga juu ya eneo kubwa. Lakini matone yake nayo ni madogo, mapanga yake huyavuruga, na anayeirusha ni kijana aliyesimama ukingoni mwa shamba, pengine bila hata barakoa. Tone halijui limetoka kwenye chombo gani.

Kwa nini nasisitiza watoto? Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto mchanga anavuta hewa nyingi kuliko wewe. Ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, anatambaa palipotua matone, na mkono ukitoka mkekani unaenda mdomoni. Ini lake bado halijakomaa kuvunja sumu hizi kama la mtu mzima. Mkeka ule uoshe kwa sabuni na maji mengi, uuanike juani siku mbili tatu. Nepi nazo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo nyingine, zisuuzwe mara mbili.

Maji ya pipa, yamwage, lakini si mtoni na si kwenye bwawa la samaki, kwani fenthioni ni kali mno kwa samaki na kamba. Sugua pipa kwa sabuni, suuza, jaza upya. Tafadhali usijaribu kuyaokoa kwa kuyachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi kemikali. Wala usitie vidonge vya klorini ukidhani vitasafisha, kwa sababu klorini inaweza kuzigeuza baadhi ya sumu za kundi hili kuwa kali kuliko zilivyokuwa. Kisima kilichojengewa na kufunikwa hakina shaka kubwa kwa tukio moja. Kisima cha wazi kilicho bondeni chini ya mashamba ndicho cha kuacha kwanza, mchote kwingine.

Mchicha na matembele yaliyokuwa bustanini jioni ile, yale majani yaliyokuwa wazi siku hiyo yachume uyafukie, usiwape mbuzi. Yatakayochipua baada ya hapo yaoshe kwa maji mengi yanayotiririka, utakula bila wasiwasi. Maembe na ndizi menya. Mpunga wenyewe una habari yake: kila kiuatilifu kina siku za kungoja kati ya kupulizwa na kuvunwa, zimeandikwa kwenye lebo, na mkulima ana haki ya kuonyeshwa.

Mume wako usimbeze. Ana hoja nzito. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na kundi la kwelea milioni 2, ambalo si kubwa kwa viwango vyao, linamaliza tani 20 kwa siku moja. Familia iliyokaa miezi minne ikitoa maji kwenye majaruba haiwezi kuambiwa iwapishe. Wazee wetu walijenga dungu, yaani kilingo cha kulindia shamba, wakaamia tangu alfajiri kwa teo na debe, na watoto wakakosa shule. Sitaki turudi huko. Ila kati ya dungu na ndege ya kumwaga dawa kuna mambo mengi. Kupanda kwa wakati mmoja ili mpunga uive pamoja na ndege wasipate karamu ya miezi miwili. Kufyeka matete yaliyo karibu na nyumba ili malalo yahamie mbali, ambako yakinyunyizwa hakuna mtoto chini ya upepo. Kutega. Kule Kondoa, mkoani Dodoma, watu wamekuwa wakiwanasa kwelea kwa mitego na nyavu na kuwala, wakiwa wazima, hawana sumu. Ndege wale wale wanaotakiwa kufukiwa shimoni kwenu ni kitoweo kwingine.

Na asikwambie mtu kuwa wasiwasi wako ni wa mwanamke mwoga. Nenda India, wilaya ya Kasaragod, kaskazini mwa jimbo la Kerala. Ni nchi ya vilima na mikorosho, ungedhani uko Mkinga. Tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2000, helikopta zilipita juu ya mikorosho ya shirika la umma zikinyunyiza endosalfani, mara mbili tatu kwa mwaka. Nyumba na visima vya watu vilikuwa katikati ya mashamba na mabondeni chini yake. Wenyeji pamoja na daktari wa kijijini ndio waliopiga kelele kwanza, walipoona watoto wengi mno wenye ulemavu wa kuzaliwa, kifafa na akili zilizochelewa kukua. Wanasayansi walibishana miaka mingi kuhusu ugonjwa upi umetokana na nini, na ubishi wa namna hiyo hauishi pale ambapo hakuna aliyeandika nani alikuwa wapi siku gani. Mwaka 2011 mahakama ya juu kabisa ya India ilisimamisha sumu hiyo, na mwaka huo huo dunia ikaiingiza kwenye Mkataba wa Stockholm wa kuziondoa sumu zisizooza. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliamuru serikali ya jimbo iwalipe waathirika rupia 500,000 kila mmoja. Hesabu miaka: tangu helikopta ya kwanza hadi malipo, mtoto aliyezaliwa wakati ule alikuwa mtu wa makamo.

Umoja wa Ulaya haukungoja hivyo. Kwa agizo la mwaka 2009 ulipiga marufuku kunyunyiza viuatilifu kwa ndege, isipokuwa kwa kibali maalumu pale ambapo hakuna njia nyingine. Jimbo la Ceará, Brazil, lilipitisha sheria yake ya kukataza mwaka 2019, na mahakama ya juu ya nchi ikaiacha isimame mwaka 2023. Sisemi Tanzania iige neno kwa neno, maana Ulaya hawana kwelea. Ninasema hofu yako ina wenzake.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulibebe hadi mkutanoni. Kuna Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, na Tanzania ni mwanachama. Msingi wake ni kwamba nchi isiletewe kemikali hatari kabla haijaarifiwa na kuridhia. Mwaka 2025 nchi wanachama walikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya mkataba huo fenthioni ile ile kali inayomwagwa bila maji, yenye gramu 640 au zaidi za sumu kwa lita. Haikupigwa marufuku. Kilichosemwa ni kwamba serikali lazima iambiwe kwanza, ielewe, iamue. Kama nchi nzima, yenye wizara na maabara, ina haki ya kuambiwa kabla ya pipa kushuka bandarini, vipi mama mwenye kichanga asiambiwe kabla ya yaliyomo kumwagwa juu ya nepi zake? Na hilo halihitaji kwenda Rotterdam. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Wakija tena, ukipata taarifa hata ya saa moja, anua nguo, funika pipa na kisima kwa turubai, ingiza kuku bandani, ita watoto. Funga madirisha na uzibe mwanya wa chini ya mlango kwa kitenge kilicholowa. Kama una ndugu upande upepo unakotoka, nenda kwake na mtoto hadi asubuhi. Huko ni bora kuliko ndani. Ikikukuta nje bila taarifa, usikimbie kuelekea upepo unakoenda. Katiza pembeni, utoke kwenye njia ya ukungu, kisha uingie ndani, vua nguo zote, oga kwa sabuni na nywele pia. Macho yasuuze kwa maji safi dakika 15. Usinywe maziwa ya ng'ombe ukidhani yanakata sumu, hayakati. Ukiona mate mengi, mboni ndogo, misuli inachezacheza au pumzi inabana, nenda kituo cha afya usiku huo huo, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko.

Chukua daftari la shule. Andika tarehe, saa, ndege ilitokea wapi, moshi wa jikoni ulielekea wapi, nani aliumwa na nini. Majirani wafanye vivyo hivyo. Kisha usiende kwa mwenyekiti peke yako na kwa hasira, maana mtu akibanwa peke yake hujitetea. Nendeni akina mama kadhaa, na mumeo awemo, mwombeni mwenyekiti ajenda iingie mkutano mkuu wa kijiji, na bwana shamba na afisa afya wa kata waalikwe. Mkikosa majibu hapo, nakala ya barua iende halmashauri, iende NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira, na iende Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na ambayo ndiyo inayosajili viuatilifu nchini.

Barua isiwe ndefu. Msiandike kwamba mnapinga kilimo, kwa sababu hampingi. Ulizeni hivi: Dawa iliyomwagwa inaitwaje, kwa jina la kwenye lebo? Safari ijayo tutaambiwa siku ngapi kabla, na nani atapita nyumba kwa nyumba kwa wasio na simu? Nani atapima upepo, na ukielekea kwenye makazi nani ana mamlaka ya kumwambia rubani ageuze? Ni mita ngapi kutoka nyumba ya mwisho hazitaguswa? Nani ataokota ndege waliokufa kabla watoto hawajaamka? Na zahanati yetu, leo hii, ina vichupa vingapi vya atropini?